Upatu wa Akili

Zamu ya Leokadia Mloka kula akili za wenzake ilianza Jumatatu, na kufikia Jumatano alikuwa ameshajua kwa nini mlango wa choo chake ulikataa kufungika miaka yote ile. Alikuwa amesimama uani na kikombe cha chai mkononi, akautazama, mambo yakajipanga yenyewe: bawaba ya chini ilifungwa na fundi wa mkono wa kushoto, msingi ulizama kidogo mwaka wa mafuriko, na fremu nzima ikalalia upande wa jikoni. Akachukua bisibisi, akalegeza hapa, akakaza pale. Mlango ukafunga bila kelele.

"Ndizo hizo akili za wanawake kumi na wawili?" Kosmas, mumewe, akauliza kutoka kibarazani. "Zimeishia chooni?"

"Tulia, mume wangu. Ndiyo kwanza naonja."

Na kweli alikuwa anaonja. Darasani alifungua daftari la mtoto akaona si kosa tu, bali mahali kosa lilipozaliwa, wiki mbili nyuma, siku mtoto alipokuwa na homa. Kanisani alizisikia sauti nne za kwaya moja moja, akamjua mwimbaji wa besi aliyekuwa anafungua mdomo bila kuimba. Ilikuwa raha ya mtu aliyevaa miwani kwa mara ya kwanza, na hakuona aibu kuifurahia, maana alikuwa ameingoja mwaka mzima.

Wanawake hao kumi na wawili walisoma darasa moja katika shule ya msingi hapo hapo Morogoro mjini, na tangu ujana wao walicheza upatu: kila mwezi kila mmoja anatoa hela, mmoja anakula zote, mwezi unaofuata anakula mwingine. Leokadia ndiye aliyekuwa kijumbe wao, mtunza zamu, kwa sababu alikuwa mwalimu na kwa sababu hakuwahi kumdhulumu mtu hata senti. Kisha tepe za kuchota akili zikaingia mjini, zikashuka bei mpaka mtu wa kawaida akazimudu, na siku moja msibani, wakiwa wanakatakata vitunguu, Perpetua Kunambi akasema, "Hela tumechangishana mpaka tumeota mvi. Kwa nini tusichangishane akili?"

Walicheka mpaka wenye msiba wakawatazama. Mwezi uliofuata walinunua chungu.

Chungu chenyewe hakikuwa chungu, kilikuwa kisanduku cha bati kilichokaa juu ya kabati la vyombo la kijumbe. Kila mwanachama alivaa utepe mwembamba nyuma ya masikio, chini ya kilemba, usiku na mchana. Utepe ulichota sehemu moja katika kumi ya akili yake, chungu kikakusanya na kumpelekea aliye kwenye zamu. Mtaalamu aliyekuja kukifunga aliwaeleza kwamba akili haimwagwi kama maji kutoka ndoo hii kwenda ile. Kinachosafiri ni kazi: wewe unamenya viazi, na kipande cha ubongo wako kinamfanyia mwenzako hesabu zake bila wewe kujua.

"Na hicho kipande ni kipi?" Leokadia alimuuliza siku ile. "Nisije nikasahau majina ya wanangu."

"Hapana, mama. Utepe unachota kwanza ile sehemu inayozunguka bure. Ile inayouliza mara mbilimbili, nimefunga mlango, sikufunga, nimekosea, sikukosea. Kwa kifupi, inachukua wasiwasi."

Wanawake walipiga makofi. Nani katika dunia hii hataki kuchukuliwa wasiwasi wake? Na mtaalamu hakuwadanganya. Miezi ya kuchanga walilala usingizi mzito, walicheka ovyo, shinikizo la damu la wawili kati yao likashuka mpaka daktari akashangaa. Kura zilipopigwa, Perpetua akapata mwezi wa kwanza. Leokadia, kwa kuwa ni kijumbe, alijiweka wa mwisho.

Sasa, katika upatu wa hela kulikuwa na adabu moja ambayo haikuandikwa popote: mwenzako akishakula, humuulizi amenunua nini. Ukiuliza, utaonekana una kijicho. Walipoanza upatu wa akili walihama na adabu hiyohiyo, na hakuna aliyejiuliza kama mahali papya inafaa.

*

Jambo lililomkaa Leokadia rohoni lilikuwa la zamani. Tangu darasa la kwanza mpaka la saba alikuwa wa kwanza, na kila mwisho wa muhula mwalimu mkuu aliwaamuru wenzake wampigie makofi. Perpetua, aliyekaa naye dawati moja, alikuwa anashika mkia na wala hakujali. Leo Leokadia alikuwa mwalimu wa hisabati anayestaafu mwishoni mwa mwaka, mpangaji wa vyumba viwili katika nyumba ambayo watoto wa marehemu mwenye nyumba walikuwa wameshampata mnunuzi wake. Ilikuwa lazima wahame. Akiba yao yote, yake na ya Kosmas, ilifika milioni nane na laki tano, na kwa hela hiyo mjini hapo ungepata kiwanja cha kufugia bata.

Perpetua alikuwa na fremu sita za maduka Kihonda na pikapu mpya.

"Ukiwa na akili, mbona huna hela?" watoto wa mtaani walikuwa hawasemi, lakini Leokadia alilisikia swali hilo kila alipopokea mshahara. Alimpenda Perpetua, na hakumwonea wivu sana. Alitaka tu kujua. Alijiambia kwamba mwezi wake ukifika, kwa akili maradufu, swali hilo atalijibu kwanza, na nyumba itafuata yenyewe.

Katika wiki ya mwisho ya mwezi huo Perpetua alibisha hodi mwenyewe.

"Hodi hapa kwa wenye vichwa viwili!"

"Karibu, Pepe. Pita jikoni, niko na maharage."

Perpetua akaingia, mnene, mchangamfu, kilemba cha manjano kimefunika utepe wake. Akavuta kigoda, akaanza kula karanga zilizokuwa kwenye ungo bila kukaribishwa, kama alivyofanya tangu wakiwa na miaka saba.

"Leka, nina shida, na wewe una shida. Nimesikia mnafukuzwa."

"Hatufukuzwi. Tunaombwa kwa heshima tuondoke."

"Basi sikiliza. Nina kiwanja Mkundi, kile cha kule juu, karibu na mnara. Nimepata gari la mizigo zuri, mwenyewe anataka hela wiki hii. Nikuuzie wewe hicho kiwanja. Milioni nane."

Leokadia aliacha kukoroga. Mambo mawili yalimpata kwa pamoja. La kwanza lilikuwa furaha iliyomwasha mpaka kwenye nyayo, kwa sababu milioni nane walikuwa nazo. La pili lilikuwa la ajabu. Ndani ya kifua chake mtu alishtuka na kusema, *milioni nane? Umerogwa, wewe mwanamke?* Na huo haukuwa mshtuko wake. Ulikuwa na hasira za haraka na ukali wa sokoni, na yeye hakuwahi kuwa mtu wa sokoni maisha yake yote.

"Unapunguza?" akauliza, ili asikie tu.

"Ukitaka saba na nusu, chukua," Perpetua akasema, akitafuna. "Hela ni nini, shoga yangu."

Huyo alikuwa Perpetua ambaye angeweza kumliza muuza nyanya kwa ajili ya shilingi mia. Leokadia akamtazama usoni, akaona uso mwema, uliolala vizuri, usio na hata kunyanzi moja la shaka.

"Nipe mpaka Alhamisi," akasema.

"Alhamisi nakuja na karatasi. Hayo maharage yanaungua."

*

Kesho yake baada ya vipindi alipanda bajaji ya umeme mpaka Mkundi. Kiwanja kilikuwa kizuri, cha mteremko mdogo, na kutoka pale milima ya Uluguru ilionekana yote, mawingu yakiwa yameikalia. Leokadia alisimama katikati ya nyasi akaliona baraza lake, akaona na mahali Kosmas atakapoweka kiti. Kisha kichwa kikaanza kazi bila kuombwa.

Ng'ambo ya mtaro palikuwa na mabomba ya buluu yamefunikwa turubai. Vigingi vya wapimaji vilipakwa rangi nyekundu upande mmoja tu, ule unaotazama mlimani. Wiki iliyopita redio ilisema jambo kuhusu tangi jipya, bila kutaja mahali. Barabara ya udongo ilikuwa imechongwa pana kuliko barabara ya kwenda kwa watu wachache. Akayaweka pamoja kama anavyoweka tarakimu, akapata jibu: bomba kubwa la maji litapita hapo kabla ya mwaka kuisha, na kiwanja hiki kitauzwa mara tatu ya bei ya Perpetua, pengine zaidi.

Alikaribia kupiga vigelegele. Halafu, kwa sababu akili ikishawaka haichagui pa kumulika, ilimgeukia yeye mwenyewe na kumrudisha jikoni kwake, mwezi wa kwanza wa mzunguko, Perpetua akiwa ndiye anayekula.

Siku ile pia palikuwa na karanga. Perpetua alimwomba amuuzie kiwanja cha Kihonda, urithi wa Leokadia kutoka kwa marehemu baba yake, akataja milioni nne. Leokadia alikubali kabla chai haijachemka. Kosmas alimwambia asubiri kidogo, naye akamjibu, wasiwasi wa nini? Walicheka sana. Miezi miwili baadaye stendi ndogo ya mabasi ikahamishiwa ng'ambo ya barabara, na zile fremu sita zikaota. Wala hakuwahi kujuta, hata siku moja, na sasa ndipo aliposhtuka. Mtu gani anauza urithi wa baba yake asijute?

Hakumaliza hata kuuzunguka mpaka wa kiwanja. Alirudi mjini, akashuka saluni kwa Felista Chuma, mwanachama mwenzake aliyekula mwezi wa nne. Felista alikuwa anamsuka mteja, ananing'iniza nyuzi begani.

"Felista, mwezi wako uliufanyia nini?"

Mikono ya Felista ikasimama. "Kijumbe mzima unauliza hivyo?"

"Nauliza. Nisamehe, lakini nauliza."

Felista akatazama huku na huku, kisha tabasamu likamshinda, maana kumbe alikuwa na hamu ya kusema muda wote huo. "Hizi mashine za kukaushia unazoziona? Na vile viti? Vya Oliva vyote, alipokuwa anataka kufunga saluni yake. Alinipa kwa bei ya kutupa, tena anacheka. Kabla ya hapo nilijaribu kununua za yule Mchaga wa barabara kuu, nikajua mpaka alichokula asubuhi, lakini bei hakushuka hata kidogo. Alinikazia macho tu."

"Na Oliva mwenyewe? Mwezi wake?"

"Maskini Oliva. Alijifunza lugha ya alama ili aongee na mjukuu wake asiyesikia. Mwezi mzima, dada! Hata senti hakupata. Tulimcheka kimya kimya."

Leokadia hakucheka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, chini ya mashine iliyokuwa ya Oliva, akapata jibu la swali alilobeba tangu dawati la darasa la kwanza, au angalau jibu la mwaka huu. Walionufaika katika upatu wao wote walinufaika kutoka kwa wenzao. Hakuna aliyemzidi mtu wa nje, kwa sababu mtu wa nje alikuwa na wasiwasi wake kamili, na mtu mwenye wasiwasi wake ni vigumu kumzidi hata ukiwa na vichwa vitatu. Waliuziana, tena kwa furaha, na adabu yao nzuri ya kutoulizana ikawaficha.

Mtaalamu aliita ile sehemu inayozunguka bure. Hakuna kitu katika kichwa cha binadamu kinachozunguka bure, Leokadia aliwaza, na akaona hasira, na nyuma ya hasira akaona kicheko kidogo. Maisha yake yote walimpigia makofi kwa hesabu. Hakuna aliyewahi kumpigia makofi kwa wasiwasi.

*

"Nunua," Kosmas akasema.

Walikuwa wanakula, na Leokadia alikuwa amemweleza yote, bomba, Kihonda, saluni na wasiwasi. Kosmas, dereva mstaafu wa malori, alisikiliza bila kukatiza mpaka mwisho, jambo ambalo si tabia yake.

"Umesikia nilichosema kweli?"

"Nimesikia mpaka mwisho. Pepe alikula urithi wa baba mkwe wangu akiwa na akili zako kichwani. Leo Mungu kakugeuzia kibao upande wako. Hujamwita, hujamdanganya, kaja mwenyewe, kataja bei mwenyewe. Nunua, mama Batlida. Tutahamia wapi?"

"Sijui."

"Una vichwa kumi na viwili na hujui?"

"Sijui, Kosmas."

Alitamani kumsikiliza. Hilo lazima lisemwe. Njiani kurudi nyumbani alikuwa tayari ameshajenga hoja tano za kununua, kila moja nzuri kuliko nyingine. Angelipa nane sasa na kumwongezea baadaye akipata pensheni. Angenunua, na bomba likija amgawie Perpetua faida kama zawadi ya uzeeni. Angehesabu tofauti kama fidia ya Kihonda na kubaki na dhamiri safi. Akili maradufu ilimtengenezea visingizio vya hali ya juu, vilivyonyooka, visivyo na tundu, na alipovitazama aliona kwamba havingemjia kama angekuwa na kichwa chake kimoja. Asingejua hata namna ya kuvianza.

Kilichomzuia ni kile alichokisikia jikoni, ile sauti kali iliyosema umerogwa, wewe mwanamke. Ilikuwa ya Perpetua. Wasiwasi wa Perpetua ulikuwa umekaa ndani ya kifua chake yeye, mahali ambapo mwenyewe hawezi kuusikia, ukipiga kelele kwa ajili ya mtu aliyekuwa anatafuna karanga bila habari.

"Kinachonifanya nijue thamani ya kile kiwanja ni kichwa chake," akamwambia Kosmas. "Nitamnunulia mtu mali yake kwa akili yake mwenyewe?"

"Yeye alifanya."

"Ndiyo. Alifanya."

Kosmas akanawa mikono. Hakukubali, lakini aliondoa vyombo mezani mwenyewe, na kwa mumewe huyo ilikuwa namna ya kusema amesikia.

Alhamisi Perpetua akaja na karatasi ya mauziano na kalamu mbili.

"Sinunui leo," Leokadia akasema. "Njoo Jumatatu. Jumapili tunavua tepe, mzunguko unaisha, Jumatatu njoo."

"Jumatatu lile gari litakuwa limeshakwenda!"

"Liende. Na usikiuze kwa mtu mwingine kabla ya hapo. Niapie, Pepe."

"Leka, unaringa au unaumwa?"

"Niapie kwa kaburi la mama yako."

Perpetua akamtazama, akamwona hana utani, akacheka na kuinua mkono. "Haya, mwalimu. Naapa. Hakuna wasiwasi."

"Ndilo tatizo," Leokadia akasema, lakini mwenzake alikuwa ameshatoka.

*

Jumapili baada ya misa walikusanyika uani kwa kijumbe. Kulikuwa na pilau, soda na keki ambayo Oliva alileta. Leokadia aliwashukuru kwa mwezi wake, kisha akazima chungu, na wote kumi na wawili wakapeleka mikono nyuma ya masikio.

Kwake ilikuwa kama kutoka kwenye chumba chenye redio nyingi. Kimya kikamwingia. Akatazama mlango wa choo, ulikuwa mlango tu. Alijua bado kwamba bomba litapita Mkundi, lakini alipojaribu kukumbuka ni kwa nini vigingi vilimwambia hivyo, njia ilikuwa imefutika na kubaki jibu peke yake. Alisikitika kidogo, kisha akahisi mabega yake yakishuka, na akagundua kwamba amechoka, na kwamba kichwa chake kidogo, alichozaliwa nacho, alikuwa amekikumbuka.

Wenzake nao wakaanza mmoja mmoja. Felista akashika kifua. "Jamani, pasi. Nilichomoa pasi?" Mwingine akaanza kupekua mkoba. Mwingine akampigia mwanawe simu kumuuliza kama ng'ombe kafungwa. Oliva akauliza kwa sauti ndogo kama keki haikuzidi sukari, akauliza tena. Wasiwasi wa mwaka mzima ulikuwa unawarudia, kila mmoja na wake, na ua mzima ukajaa wanawake waliokunja nyuso. Leokadia hakuwahi kuwaona wakiwa na akili kiasi kile.

Perpetua hakupekua kitu. Alikaa na sahani ya pilau magotini, macho yanamtazama Leokadia, mdomo umefunguka kidogo. Halafu akaweka sahani chini na kuondoka bila kuaga.

Jumatatu hakupiga hodi. Leokadia alitoka jikoni akamkuta amekaa kibarazani, bila kilemba, mvi zake nje. Kosmas alikuwa amemletea chai na kujifanya anarekebisha baiskeli pembeni.

"Umenirudisha nyumbani," Perpetua akasema. "Nilikuja kujikata shingo, ukanirudisha nyumbani."

"Maji yanapita pale, Pepe. Kabla ya mwaka kuisha. Bei yake ni ishirini na nne, pengine zaidi. Usiniulize nimejuaje, nimeshasahau, lakini ni kweli."

Perpetua alifumba macho. Machozi yakatoka hivyo hivyo, yakishuka mashavuni bila yeye kuyafuta. "Siku ile ya Kihonda. Ulipokuwa unatia sahihi, unacheka. Kuna mtu ndani yangu alikuwa anasema, hicho ni cha baba, hicho ni cha baba. Pole pole, kwa adabu, kama unavyosema wewe. Nikajua ni wewe. Leka, nilijua. Nikamwambia anyamaze."

Leokadia aliketi. Alikuwa amejiandaa kwa mengi, hilo hakulitegemea, na lilimuuma kuliko kiwanja chenyewe. Mwaka mzima alidhani hakusita. Kumbe alisita, na akasikika.

"Miaka yote hii najiona mjanja," Perpetua akaendelea. "Nilikuwa nashika mkia darasani, nikasema, haya, sasa ni zamu yangu kupigiwa makofi. Kumbe mwezi mmoja tu, na akili zenyewe za kuazima. Mimi mwenyewe sina kitu."

"Acha ujinga. Kabla ya chungu ulikuwa na duka. Nani alikuazima akili za duka?"

"Duka la vitenge."

"Mimi sina hata duka la viberiti."

Perpetua akacheka kwa pua, akajifuta uso na upindo wa kanga. Akanywa chai. Kisha akanyoosha mgongo, akakohoa, na macho yake yakawa yale ya sokoni ambayo Leokadia hakuyaona kwa miezi kumi na moja.

"Kiwanja kinauzwa," akasema. "Milioni nane."

Spana ya Kosmas ikaanguka.

"Pepe, leo una akili zako zote."

"Ninazo. Sijalala usiku kucha kwa ajili yake. Kihonda siwezi kukurudishia, nina mkopo juu yake na wapangaji ndani. Hiki naweza. Milioni nane. Na uongeze laki moja."

"Laki ya nini?"

"Watu watasema nimerogwa. Laki ile itaonyesha tulipatana bei."

Leokadia alitaka kumkumbatia, lakini alimjua mwenzake: angemkumbatia sasa hivi, angeondoka amejiona mtoa sadaka, na asingerudi kula karanga jikoni kwake tena. Akakunja mikono kifuani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya muuzaji yeyote.

"Elfu thelathini," akasema.

"Thelathini! Mwalimu, unanitukana kwenye baraza lako?"

"Kiwanja kina mteremko."

"Mteremko ndio unaoleta hewa! Tisini na tano."

"Thelathini na tano, na karatasi unaandika wewe."

"Kosmas, msikie mkeo!"

Kosmas alikuwa amegeukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Wanawake wawili wakasogeza viti karibu, wakaanza kubishana kwa sauti iliyowatoa majirani nje. Hakuna aliyekuwa na haraka. Kila mmoja alisita mara mbili kabla ya kutaja namba, akafikiri, akashuku, akarudi nyuma, na chai ikapoa mezani bila wao kuigusa.